Chumba Kilichopimwa kwa Mita ya Kushonea

Mudzipela, Bunia, 14 Januari 2024

Mwanangu Christella,

Nakusalimu wewe na mume wako Jean-Luc huko Aru. Huku tuko wazima. Nikisema "tuko" bado ninamhesabu mama yako Godelive, ingawa tulimzika mwezi wa kumi. Mdomo haujazoea. Mama mdogo Anastasie anatoka Nyakasanza kila Jumapili baada ya misa, anaonja sombe niliyopika, majani yale ya muhogo, ananitazama kama mtu aliyetukanwa, kisha anaipika upya. Jumapili hii alisema, "Shemeji, hii sombe iko na mchanga ya Mudzipela muzima."

Cherehani inaendelea kunilisha. Nashona sare za kwaya ya parokia, za rangi ya machungwa ambayo haimpendezi mtu yeyote.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuendi mbali. Wewe unauliza kama mvua imenyesha, mimi nauliza kama umekula, halafu kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua mpaka yunite zinakwisha. Immaculée, binti wa jirani, anakuja huko kununua vitenge. Ndiye anakuletea barua hii.

Nataka kukuambia kwamba maua ya mama yako yako hai, na bustani yake pia. Unakijua chumba cha nyuma, kile nilichokijenga mwenyewe kila Jumamosi kwa matofali mabichi, nikakipima kwa mita yangu ya kushonea kwa sababu sikuwa na nyingine. Kuta zilisimama, manjanja, yale mabati ya kuezeka, hayakuja. Kila mwaka nilisema, mwaka huu. Mama yako alichoka kungoja, akapanda nyanya na mboga ya lengalenga ndani, na marakuja, yale matunda ya pasheni, kwenye ukuta wa mbali. Aliniita siku moja akanionyesha: "Papa Christella, chumba yako imezaa nyanya. Weye ulikuwa nangoja izae manjanja?"

Sasa namwagilia mimi. Asubuhi na jioni, bila kukosa, bidoni nzima ya maji kila mara. Ni kiangazi, vumbi linafika mpaka kwenye sukari. Lakini mle ndani pamekuwa kijani.

Baba yako,
Zacharie


Aru, 11 Februari 2024

Papa mpenzi,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya mafuta ya mandazi, kwa hiyo najua Immaculée alisafiri vizuri. Sisi ni wazima. Jean-Luc anatengeneza pikipiki za watu tangu asubuhi na anarudi mweusi mpaka masikioni. Siku hizi ndiye anayechota maji kisimani. Wanawake wa pale wanamcheka, naye anawacheka.

Nilipokuwa natafuta nguo ya kwenda misa nimekuta yale magauni uliyonishonea kabla sijaolewa, kwa vipimo vya kitabu chako cha mitindo. Unakumbuka yalivyokuwa mapana? Mama alikuwa akisema, "Mita ya papa yako inapenda bantu banene." Kila gauni alilifinya kiunoni kwa sindano ya mkono, wewe ukijifanya huoni. Sasa nayavaa hivyo hivyo, nimefumua ile mishono ya Mama.

Papa, punguza maji. Mama hakumwagilia kwa saa, alimwagilia kwa kidole. Alikuwa akikiingiza kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kidole kikitoka kikavu, anamwaga. Kikitoka na udongo, anaacha, hata kama ni siku nyingi. Na maua ya kwenye makopo uliyotoboa kwa msumari yanahitaji maji machache kuliko yale ya chini.

Halafu chumba. Unafikiri manjanja yanaweza kupanda mwaka huu? Sema ukweli. Usiniulize kwa nini nauliza.

Christella


Mudzipela, 10 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa fundi wa pikipiki. Mvua za kwanza zimenyesha na barabara yetu imerudi kuwa uji.

Scholastique alikufa wiki iliyopita. Usishtuke, nasema lile ua. Unajua mama yako aliyaita maua kwa majina ya waliompa kipande, na hili lilitoka kwa Scholastique muuza samaki. Liliozea kwenye kopo. Nilikosea kulisema hilo sokoni kwa sauti, na Scholastique mwenyewe alikuwa nyuma yangu na ndoo ya samaki. "Papa Zacharie, nani amekufa? Miye? Mbona hamukunialika?" Amenipa kipande kingine, lakini kwa masharti kwamba kikifa nitangaze taratibu.

Yule tuliyemwita Sista, mwenye majani marefu kama panga, yuko salama. Ni kipande ambacho mtawa mmoja alimpa mama yako kule Nyankunde, safari ile ya mwisho ya hospitali. Alikishika mkononi njia yote ya kurudi, kimefungwa kwenye kitambaa kilicholoa, na kwenye kila shimo la barabara alikiinua juu kana kwamba ndicho mgonjwa.

Nimepanga upya saloni, pale tunapoketisha wageni. Maua yote ya ndani nimeyasimamisha kwenye mstari mmoja chini ya ukuta wa nyuma, makubwa nyuma, madogo mbele, kama watoto wanaopigwa picha ya komunyo. Ukuta huo sasa unapendeza sana. Anastasie aliuliza kwa nini nimeyahamisha. Nilimwambia ni kwa uzuri.

Kuhusu kidole, ninajaribu. Lakini saa ile ikifika miguu inakwenda yenyewe.

Kuhusu manjanja, tutaona.

Zacharie


Aru, 28 Aprili 2024

Papa mpenzi,

Usifikiri nilikasirika na kunyamaza. Barabara ilifungwa na barua yako ilikaa Mahagi kwa dereva wiki nyingi, imekunjwa chini ya kiti. Nimeipata Jumatano. Hapa ni wazima, ila miguu yangu inavimba jioni. Si kitu.

Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliacha kucheka. Papa, ukuta wa nyuma wa saloni hauna dirisha. Ni mahali penye giza kuliko pote nyumbani. Mama hangeweka pale hata kikopo kimoja. Wewe umeyaweka yote. Nikajiuliza, ni maua gani yanayosimamishwa gizani kwa uzuri?

Immaculée amepita tena Aru, nikamuuliza. Alikataa kusema, akatazama dari, akanisifia sufuria zangu. Mwishowe alisema, "Miye sikuona kitu. Niliona tu kama Sista anaficha ufa mahali naweza kuingiza mukono."

Ukuta huo ndio unaopakana na chumba cha nyuma. Upande wa pili ni bustani, na bidoni yako asubuhi na jioni. Ni tofali bichi, Papa. Wewe mwenyewe ulinifundisha tofali bichi linaogopa nini.

Mwite mtu autazame kabla mvua haijaendelea. Na hicho chumba ninakihitaji kiwe na manjanja ifikapo mwezi wa nane. Nakuomba usinichokoze kwa maswali, jibu tu kama inawezekana.

Mtoto wako


Mudzipela, 19 Mei 2024

Mwanangu Christella,

Nawasalimu. Anastasie anawasalimu pia, amekuletea karanga, zitafika kama Immaculée hatazitafuna njiani.

Ni kweli. Ufa upo. Ulianza kama uzi, nikauwekea Sista. Ukaongezeka, nikamwongezea Sista wenzake.

Nimemwita Jean-Claude, fundi mwashi anayekaa karibu na pompi ya maji. Aliondoa maua, akachoma ukuta chini kwa ncha ya mwiko, na mwiko ukaingia kama kwenye ndizi. Akaenda upande wa bustani, akatazama udongo, akaniita. "Papa Zacharie, weye unanywesha nini, nyanya ao nyumba?" Nikaificha bidoni nyuma ya miguu. "Kama unaendelea hivi, mwezi wa sita utalala inje na nyanya yako."

Wewe nitakujibu. Asubuhi na jioni ndizo saa ambazo mama yako alikuwa mle ndani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani na nilimsikia akizungumza na mimea, akizomea mchwa. Hakuwa anamwaga maji muda wote huo, sasa najua. Alikuwa anapumzika kutoka kwangu. Lakini mimi nisipoingia saa hizo, nyumba inakuwa kimya sana. Na mtu hawezi kuingia bustanini akasimama tu mikono mitupu. Ndiyo maana bidoni.

Tumeng'oa kila kitu kilichokuwa karibu na ukuta ule, upana wa hatua moja. Jean-Claude ametoa matofali yaliyolainika, machache machache ili ukuta usituangukie, akaweka mawe na sima, yaani saruji, mahali pake. Tumechimba mfereji mdogo wa kupeleka maji nje ya parseli, nje ya kiwanja chetu. Tukauacha ufa ukauke, tukaujaza udongo uliochanganywa na mchanga na kinyesi cha ng'ombe. Mimi nimepaka chokaa mwenyewe. Maua yamerudi dirishani, yameinama yote kutazama barabara kama watu wasiopenda kazi.

Lakini manjanja, hapana. Yakipanda, mvua haitaingia, jua halitaingia, na kila alichopanda kitakufa. Marakuja yale yamefika juu ya ukuta na yana maua. Mbao na manjanja naweza kupata, sherehe za ndoa ni nyingi na cherehani haipumziki. Kinachonishinda ni kung'oa.

Unaniambia mwezi wa nane. Mwezi wa nane kuna nini? Siwezi kukata shina la mama yako kwa ajili ya mwezi.

Zacharie


Aru, 9 Juni 2024

Papa,

Nakusalimu nimekaa, miguu juu ya stuli, kwa amri ya muuguzi.

Nina mimba. Atazaliwa mwezi wa tisa, Mungu akipenda.

Sikutaka kusema. Unajua ya kwanza tuliisema mapema, Mama alinunua beseni na vitambaa, aliimba barabarani, halafu ikatoka, na beseni likabaki chini ya kitanda chenu na hakuna aliyethubutu kulifulia nguo. Safari hii tuliapa na Jean-Luc kunyamaza mpaka isifichike. Ndiyo sababu magauni yako yananitosha. Ndiyo sababu anachota maji. Nilifikiri utajua. Lakini wewe ni mwanaume, unaona kilometa za kitambaa na huoni tumbo.

Nataka kuzalia nyumbani. Ninajua Mama hayupo wa kunikanda kwa maji ya moto. Nimeshamwandikia mama mdogo Anastasie na amejibu neno moja, "Kuja." Lakini nyumba yenu ina chumba kimoja na saloni, na mama mdogo atalala kwetu wiki zile za mwanzo. Sitaki kulala na mtoto mchanga kwenye saloni wateja wako wakipimwa suruali.

Sasa sikia kuhusu bustani. Nyanya, acha zizae ziishe, hazikai zaidi ya msimu. Lengalenga, acha chache zikomae, kausha, pukutisha mbegu kwenye gazeti. Utapanda mbele ya nyumba, mbali na ukuta, Papa, mbali. Marakuja hayahamishiki, mizizi imekwenda mbali. Kata vijiti vyenye macho mawili au matatu, vichomeke kwenye kopo la mchanga kivulini. Vingine vitashika.

Shina lenyewe likate. Mama alikuwa na huruma kwa watu, si kwa mimea. Kilichozuia njia alikiondoa huku anaimba. Wewe ndiwe unamfanya awe mpole kuliko alivyokuwa.

Ukishindwa, niambie. Nitazalia hapa na sitakuwekea kinyongo. Ila nitalia.

Christella


Mudzipela, 14 Julai 2024

Mama yangu Christella,

Nakuita hivyo kuanzia leo, uvumilie.

Barua yako niliisomea kwenye cherehani na nikaharibu mkono wa shati la mtu. Nilikwenda chini ya kitanda nikalitoa beseni. Nimelisugua kwa majivu. Linang'aa.

Siku ya pili nikanunua mbao na manjanja. Jean-Claude alitaka kuja kupima kwanza. Nikamwambia, "Chumba hiki nilikipima mimi, nakijua kwa kichwa, mita nne kutoka saloni mpaka ukuta wa mbali." Nikaenda mjini na hesabu yangu, na mbao zikakatwa hukohuko.

Bustani niliiondoa kama ulivyosema. Nilifika kwenye marakuja na panga, nikasimama. Nikasema, nitayakata mwisho, siku manjanja yatakapofika pale.

Manjanja hayakufika pale.

Jean-Claude alipandisha mbao kuanzia ukuta wa saloni, na za upande wa mbali zikabaki hewani, pungufu kwa urefu wa mkono na kiganja. Akashuka, akatoa mita yake ya chuma, akapima chumba. Kisha akaniomba nilete yangu. Aliziweka chini sambamba, ya chuma na ya kitambaa, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mita yangu imevutika, Christella. Miaka yote hii ya kuivuta viunoni mwa watu. Inaposema nne, ni nne na zaidi. "Papa Zacharie," alisema, "weye haukujenga nyumba. Uliishona! Na ukaacha nafasi ya kunenepa!"

Majirani waliingia kutazama. Scholastique alikuja na ndoo yake na kuuliza kama nyumba itapunguzwa kiunoni. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujificha. Ndipo Anastasie akaingia kwenye ile nafasi iliyobaki wazi, akainua uso. Marakuja yalikuwa juu yake, na mbingu. Akasema, "Njo Godelive huyo. Anakatala."

Majirani nao wakainua nyuso. Jean-Claude alikuna shingo, akasema kuna njia mbili. Kununua manjanja mengine, au kusimamisha ukuta mwembamba ndani, pale manjanja yanapoishia, na kuutia dirisha. Basi chumba kitakuwa mita nne za kweli, na nje ya dirisha, kati ya ukuta mpya na ule wa zamani, itabaki njia nyembamba ya udongo isiyo na paa.

Sikumwacha amalize. Ukuta mpya tumeujenga juu ya mawe. Ule wa zamani tumeutoboa chini ili maji yatoke nje. Marakuja hayakukatwa. Jua linashuka pale mpaka saa nane, kisha kivuli. Nimeweka kidole kwenye udongo leo asubuhi. Kilitoka na udongo, nikaacha.

Njoo.

Papa


Aru, 28 Julai 2024

Papa mpenzi,

Nilimsomea Jean-Luc barua yako na tulicheka mpaka mtoto akapiga mateke. Anasema akija Bunia atamnunulia Jean-Claude soda kwa kukuvumilia.

Nasafiri na Immaculée wiki ya pili ya mwezi wa nane, barabara ikiruhusu. Tutalala Mahagi kwa shangazi. Jean-Luc atanifuata mwezi wa tisa ukianza. Nafanya kama wewe na bidoni, najaza mizigo ya vitu nisivyovihitaji. Nimechukua kitenge cha Mama cha rangi ya majani kwa pazia. Dirisha lina ukubwa gani? Na nguo za mtoto unashona wewe au nishone mimi hapa, miguu ikiwa juu?

Niambie kweli, unaogopa? Mimi naogopa. Usiku huwa namtafuta Mama kichwani ili nimuulize kitu, na ninachopata ni sauti yake akizomea mchwa.

Christella


Mudzipela, 4 Agosti 2024

Mama yangu Christella,

Salamu kwako na kwa huyo anayepiga mateke.

Naogopa, ndiyo. Nimetandika kitanda mara nyingi mno. Anastasie amenifukuza chumbani kwako, anasema ninakichakaza kabla hujafika. Ameleta chungu chake cha kuchemshia maji na majani ambayo hataki kuniambia ni ya nini. Scholastique ameleta samaki mkavu wa kukuongezea maziwa. Kipande chake kimechipua, nimekitangaza taratibu.

Mchwa wapo. Ukifika utanisaidia kuwazomea, mimi sijui maneno aliyotumia.

Dirisha ni mita moja kila upande, kwa mita ya Jean-Claude. Ameniachia yake ya chuma nyumbani, kwa usalama wa mtaa.

Pazia litundike juu kidogo, ili mtoto akilala aone majani. Tunda la kwanza limeanza kugeuka rangi. Sitalichuma.

Nguo za mtoto shona wewe, njia itakuwa ndefu na mikono itahitaji kazi. Immaculée anakuletea mita yangu, ile ya kitambaa, imeviringishwa ndani ya bahasha hii. Pima nayo. Nguo zitatoka pana kuliko inavyotakiwa, na Anastasie atasema, na mtaa wote utasema.

Usizifinye.

Papa